Kalamu ya wino ya zamani au mpya: zipime kabla hujatoa pesa

Mezani kwangu kuna kalamu mbili za wino ninazozitumia karibu kila siku. Moja ni Parker 51 ya mwanzoni mwa miaka ya 1950: mwili mweusi, kifuniko cha chuma kisichong'aa sana, na chini ya klipu kuna mkwaruzo uliokuwapo kabla sijazaliwa. Nyingine ni Lamy Safari, plastiki tupu na nibu (kile kipande cha metali kinachoandika) ya chuma cha pua, niliyoitoa mwenyewe kwenye boksi lake. Watu wakiniona nikiandika huniuliza jambo lile lile: je, nami nitafute ya zamani, au ninunue mpya nipumzike?

Zote mbili nazipenda, kwa hiyo sitaisifu moja ili kuiponda nyingine. Ila nimejifunza kwamba umri wa kalamu hauandiki. Inayoandika ni nibu, na kinachoilisha nibu ni kile kifuko cha wino au pistoni iliyofichwa ndani. Anza na hivyo viwili. Rangi, jina la kampuni na hadithi ya muuzaji kwamba kalamu ilikuwa ya babu yake hakimu, hayo yasubiri.

Nibu

Kabla ya mwaka 1945, mwaka ambao biki zilianza kuuzwa dukani huko New York, kalamu ya wino ilikuwa chombo cha kazi. Karani, mwalimu, mhasibu na daktari waliishika kuanzia asubuhi hadi jioni, na kalamu iliyokwaruza karatasi ilirudishwa dukani. Ndiyo maana hata kalamu za daraja la kati za wakati ule nyingi zina nibu ya dhahabu ya karati 14, yaani dhahabu asilimia 58.5. Leo dhahabu ni ya kalamu za bei ya juu, na wengi wetu tunaandika kwa chuma cha pua.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wanadhani dhahabu ndiyo inayoteleza. Dhahabu iliwekwa kwa sababu wino mwingi wa zamani ulikuwa na asidi na ulikula chuma cha kawaida, dhahabu haikuliwa. Lakini kinachogusa karatasi ni kitone kidogo cha metali ngumu sana kilichochomelewa kwenye ncha, na kitone hicho kipo kwenye nibu nzuri ya chuma pia. Kikisuguliwa vizuri, kalamu inateleza. Kikisuguliwa vibaya, inakwaruza hata kama nibu ni ya karati 18. Safari yangu inateleza kuliko kalamu kadhaa za dhahabu nilizowahi kuzishika.

Basi nibu ya zamani inakupa nini usichokipata kwenye mpya? Kwanza kabisa, mnyumbuko. Chukua Waterman 52 yenye nibu laini. Ukishuka na mstari na kukaza mkono kidogo tu, mpasuko wa nibu unafunguka na mstari unanenepa. Ukipanda na kulegeza, unarudi kuwa mwembamba kama unywele. Yote hufanyika bila nguvu, nibu inafuata pumzi ya mkono. Kuna nibu mpya za chuma zinazouzwa kwa ahadi hiyo hiyo, nami nimezijaribu. Nyingi zinataka ukandamize mpaka vidole viume, na mstari ukishafunguka wino unakatika katikati ya herufi. Kama unafanya mwandiko wa mapambo na unautaka mnyumbuko wa kweli ndani ya kalamu inayobeba wino wake, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kununua ya zamani.

Lakini si kila nibu ya zamani inanyumbuka. Kulikuwa na nibu ngumu kama msumari, zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya makarani waliokandamiza karatasi ya kaboni ili nakala ya chini isomeke. Muuzaji asiyejua ataziita laini kwa sababu tu ni kuukuu. Omba uone mistari iliyoandikwa nayo, mwembamba na mnene kwenye neno moja. Asipokuwa nayo, ihesabu kuwa ngumu na ulipe bei ya ngumu.

Jambo la pili ni mkono wa aliyetangulia. Mtu aliyeandika na kalamu moja kwa miaka ishirini amekila kile kitone kwa pembe ya mkono wake. Ukiishika kwa pembe nyingine, inakwaruza. Wakati mwingine inatokea bahati kwamba mikono yenu inafanana, na kalamu inakaa kama uliyoizoea tangu zamani. Kwenye kalamu mpya hakuna bahati wala mkosi wa aina hiyo. Nibu ya F (nyembamba) leo ni F, ya M (ya kati) ni M, na kwenye Safari nibu inavutwa na kubadilishwa kwa dakika moja. Cha kukumbuka tu ni kwamba F ya Japani kwa kawaida huandika nyembamba kuliko F ya Ujerumani.

Kwa upande wa zamani, Esterbrook J ndiyo inayokaribia urahisi huo. Nibu yake inafunguliwa kama skrubu, kila moja ina namba yake, na ukiharibu moja unafunga nyingine. Nyingi ni za chuma, na hivyo bei yake haitishi. Mtu akiniuliza aanze na kalamu gani ya zamani bila kuogopa, hiyo naitaja mapema.

Kilichomo ndani

Kalamu yangu ya kwanza ya zamani niliinunua kwa picha. Ilikuwa ya wenzo, ile yenye kijiti cha chuma ubavuni ambacho unakiinua ili kubana kifuko cha mpira, kisha unakiachia kinyonye wino. Muuzaji aliandika kwamba "inafanya kazi". Ilipofika niliinua wenzo, ukapanda laini kabisa, nikafurahi. Kisha nikaitikisa karibu na sikio. Ndani kulikuwa na sauti ya vitu vikavu vinavyogongana. Nilipofungua shingo ya kalamu, pale vidole vinaposhika, vikamwagika kwenye karatasi vipande vyeusi vilivyovunjika kama mkaa wa tanuri: hicho ndicho kilikuwa kifuko. Wenzo ulikuwa laini kwa sababu haukuwa na cha kubana. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na tangu siku hiyo neno "inafanya kazi" nalitafsiri kuwa hakuna aliyetia wino.

Hilo ndilo pengo kubwa kati ya ya zamani na mpya. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa kwenye droo. Unakuwa mgumu, unapasuka, au unayeyuka na kunata kama lami. Kwa hiyo kalamu ya mpira ambayo haijafunguliwa kwa miongo kadhaa, ichukulie kuwa haina mpira. Kwa kalamu ya wenzo hiyo si kazi ya kutisha: shingo inapashwa joto kidogo kwa kikausha nywele, inavutwa taratibu, mabaki yanakwanguliwa, kifuko kipya kinakatwa kwa urefu unaofaa na kugandishwa kwa shelaki, gundi ya asili. Shelaki inapendwa kwa sababu inaachia tena ikipata joto la wastani, na hivyo fundi wa baada yako hatavunja kitu. Vifuko hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo namba 16 ni robo inchi. Mtu mwenye subira anaweza kujifunza kazi hiyo mwenyewe.

Mifumo mingine inahitaji fundi. Parker Vacumatic, iliyotoka mwaka 1933, ina utando wa mpira unaosukumwa na kitufe cha nyuma, na kuutoa kunahitaji kifaa chake maalumu. Ukitumia koleo utapasua mwili. Sheaffer Snorkel ya mwaka 1952 ni ajabu nyingine: ukizungusha nyuma, kibomba chembamba kinachomoza chini ya nibu, kinanyonya wino na kurudi ndani, na nibu haikuloa hata tone. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kuirudia mara kumi bila sababu. Ila ndani yake kuna vizuizi kadhaa vya mpira, na vyote vina umri wa kalamu yenyewe. Nunua Snorkel iliyokwisha kutengenezwa, au usinunue.

Parker 51 ya kuanzia mwaka 1948 inavunja kanuni hii, na ndiyo sababu iko mezani kwangu. Mwaka huo walihamia kwenye kifuko cha plastiki laini kilichoitwa Pli-Glass, ndani ya ala ya chuma yenye utepe wa kubonyeza. Vifuko vingi kati ya hivyo bado vinafanya kazi baada ya miaka sabini. Kukipima, tumbukiza nibu kwenye maji na ubonyeze. Mapovu yakitoka kwa nguvu, na ukiachia kifuko kikajaa, kiko hai. Wino ukitoka mweusi siku nzima usishtuke, ni mabaki ya mwenye kalamu. Endelea kubadilisha maji hadi yawe meupe.

Kalamu mpya haikupi kazi hizo. Ina katriji, yaani kichupa cha wino kilichojazwa tayari, au kijazio kidogo cha pistoni kinachochomekwa mahali pa katriji. Kikiharibika, unanunua kingine. Nyingine zina pistoni yake ndani, kama TWSBI Eco ambayo mwili wake unaonyesha wino wote, na inafunguliwa na mwenyewe hadi kipande cha mwisho. Ukisafiri, ukizisahau wiki mbili, ukimwazima mtu, haziumi roho. Platinum 3776 Century imewekewa kifuniko chenye spring kinachoziba hewa, makusudi wino usikauke kwa miezi. Kalamu nyingi za zamani ukiziacha wiki kadhaa bila kuandika, utazianza kwa maji.

Mwili

Hapa sitakaa sana, ila kuna makosa yanayoua kalamu kwa usiku mmoja. Ebonaiti, ule mpira mgumu wa kalamu za mwanzo wa karne ya 20, ukiulowesha unaweza kugeuka kutoka weusi kuwa kahawia ya matope, na weusi wake wa asili haurudi. Kaseini, plastiki iliyotokana na maziwa, huvimba majini. Seluloidi ina rangi ambazo plastiki ya leo haijazifikia, zenye kina kama unatazama ndani ya jiwe. Lakini inashika moto haraka, huchukia spiriti, na rangi zake nyepesi hugeuka hudhurungi kwa mvuke wa kifuko cha mpira kilicho ndani yake. Kwa hiyo osha shingo na nibu peke yake, kwa maji ya uvuguvugu, na mwili uufute kwa kitambaa.

Parker 51 ilitengenezwa kwa Lucite, plastiki ya akriliki. Parker walikuwa na wino wa kukauka haraka uliokuwa mkali kwa seluloidi, wakahitaji mwili utakaoustahimili, na nibu wakaifunika karibu yote ili wino huo usikauke nchani. Kwa bahati njema kwetu, uamuzi huo ulizaa kalamu inayovumilia maisha ya leo kuliko karibu wenzake wote wa rika lake.

Jina moja, kalamu mbili

Mwaka 2021 Parker waliirudisha 51 sokoni, na kuziweka hizi mbili pamoja kunaonyesha swali lote vizuri. Ya zamani ina nibu ya dhahabu ya karati 14 iliyoviringishwa kama bomba, imezungukwa na kikusanya wino kikubwa kilichofichwa ndani ya shingo. Kifuniko kinasukumwa tu na kushikwa na mkono wa chuma wa ndani, unakivua kwa kidole gumba huku unazungumza na simu. Mpya ina nibu ya chuma kwenye toleo la kawaida na dhahabu ya karati 18 kwenye toleo la juu, kifuniko cha kuzungusha, na inatumia katriji au kijazio.

Unaponunua mpya unapata dhamana, upana wa nibu unaoutaka na uhakika kwamba itaandika leo. Unaponunua ya zamani unapata dhahabu kwa bei ambayo mara nyingi haifiki ile ya toleo jipya la dhahabu, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni na bado zipo nyingi. Mimi kati ya hizo mbili nachukua ya zamani bila kusita, mradi iwe ya baada ya 1948 na imeoshwa. Yule anayebeba kalamu mfukoni kazini na hataki kufikiria maji wala vifuko, sina ubishi naye akichukua mpya.

Kuna pia kalamu ambazo zinakaa katikati. Lamy 2000 ilitoka mwaka 1966 na bado inatengenezwa, ikiwa na pistoni na nibu ya dhahabu ya karati 14. Montblanc 149 inatoka tangu 1952. Anayevutiwa na umbo na historia, lakini mpira wa miaka themanini unamnyima usingizi, anunue moja ya hizi ikiwa mpya.

Bei yenyewe

Bei ya kalamu ya zamani haiishii kwenye tangazo. Kama haijatengenezwa, ongeza kazi ya fundi, ongeza posta ya kwenda na kurudi, ongeza wiki za kusubiri kwa sababu mafundi wazuri wana foleni. Ukishajumlisha, ile "rahisi" mara nyingi inaipita iliyotengenezwa tayari. Ninachowashauri wanaoanza ni kulipa zaidi kidogo kwa muuzaji ambaye ni fundi mwenyewe, aliyeandika alichobadilisha na anayekubali kalamu irudi ikivuja.

Kuna mahali pa kuokoa pesa kwa halali. Kalamu yenye jina la mtu limechongwa ubavuni hushuka bei, maana wakusanyaji hawalitaki. Kwa anayeandika haina kasoro yoyote. Mimi naipenda zaidi: kuna mtu alipewa kalamu hiyo akihitimu au akistaafu, na inaendelea na kazi. Vivyo hivyo dhahabu iliyochujuka kwenye klipu, au kifuniko chenye mikwaruzo. Usiokoe pesa kwenye nibu wala kwenye ufa.

Ukiwa na kalamu mkononi, chukua lenzi inayokuza mara 10. Itazame nibu kutoka mbele: pande mbili za ncha ziwe sawa, na kitone kiwepo kote pande zote mbili. Kitone kikikosekana upande mmoja, iache, kwani kukichomelea upya kunaweza kugharimu kuliko kalamu. Itazame kutoka pembeni: ikiwa nibu imeinuka mbali na kipande cheusi kilicho chini yake, kuna mtu aliikandamiza ikashindwa kurudi. Kisha pitisha ukucha taratibu kwenye mdomo wa kifuniko. Ufa mwembamba usioonekana kwa macho, ukucha unaukwaa. Kama unanunua kwa picha, omba picha hizo hizo, na uulize maneno mawili: kifuko kilibadilishwa lini, na iliandika kwa wino au ilichovywa tu. Muuzaji anayejua kazi yake atajibu kwa furaha.

Ipi uichukue

Kama hujawahi kuandika kwa kalamu ya wino hata wiki moja, anza na mpya. Safari, Eco, au nyingine ya chuma unayoimudu. Bado hujui kama mkono wako unataka nyembamba au nene, na ukianza na ya zamani hutajua kama tatizo ni kalamu, wino, karatasi au wewe.

Kama umeshaandika miezi kadhaa na unataka dhahabu ya kuandikia kila siku, tafuta Parker 51 ya baada ya 1948, iliyosafishwa. Ikiwa unataka dhahabu lakini pia dhamana na nibu ya upana unaouchagua, Pilot Custom 74 ni mpya, ina karati 14, na sijutii kumpendekezea mtu yeyote. Anayetaka mstari wa kucheza, ya zamani yenye nibu laini, kutoka kwa fundi, na awe tayari kuilipia. Anayependa kufungua vitu na kuvirudisha, kalamu ya wenzo isiyotengenezwa, ya bei ndogo. Ikimharibikia atakuwa amejifunza na hakuna kilichopotea kikubwa. Na yule anayeandika kwa wino wenye chembe za kumetameta au wino usiofutika, abaki na mpya kabisa. Kwenye za zamani weka wino mwepesi na wa kawaida, kama Pelikan 4001 au Waterman ya bluu.

Ikishafika, usitie wino siku hiyo. Ijaze maji, ifute, ifunge, uilaze juu ya karatasi laini nyeupe hadi asubuhi. Karatasi ikiwa kavu, mwaga maji na ujaze wino. Ikiwa na duara la unyevu chini ya shingo, piga picha, na umwandikie muuzaji kabla hujanywa chai.